Gari la Mgiriki Lina Pedeli Ngapi

Chanika, Handeni
11 Februari 1990

Shangazi yangu Agripina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute nyuma ya cherehani yako hapo Manundu, miwani puani na uzi mdomoni, kama ninavyokukumbuka siku zote. Huku nyumbani hatujambo. Kifua cha mama kimetulia tangu alipoacha kulala chumba chenye jiko la mkaa. Baba anakwenda shamba asubuhi na kurudi jioni. Mahindi ya vuli hayakuwa mabaya, ingawa ngedere walitutangulia upande wa mtoni. Dada Veridiana amejifungua mtoto wa kike, na mpaka leo hajapewa jina kwa sababu wakwe wanataka la kwao na mama anataka la kwetu.

Mimi nipo.

Shangazi, nina jambo nataka kukuuliza. Unalikumbuka lile gari la Mgiriki, la rangi ya damu ya mzee, lenye farasi anayekimbia pale mbele? Nilipokuwa nakuja likizo kwenu kambini, enzi marehemu baba Ernesti bado nyapara wa mkonge, lilikuwa linapita kila Jumapili na sisi watoto tunakimbilia barabarani. Tulikuwa tunaliita Tetemeko, kwa sababu likipita, vikombe vya mama zetu vinagongana kabatini. Nilisikia Mgiriki alipoondoka nchini aliliacha pale pale shambani, ndani ya banda.

Ningependa kujua kama bado lipo. Nataka kuliona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama mbele yake. Nakuomba uniulizie.

Nisalimie jirani yako mama Bharti wa duka la vitambaa. Barua hii nimempa Sadala, kondakta wa basi la Korogwe. Amesema atakufikishia mkononi.

Mwanao,
Ponsiano

Manundu, Korogwe
4 Machi 1990

Baba yangu Ponsiano,

Marahaba. Waache wanaocheka wacheke. Jina ulilobeba ni la baba yangu mzazi, na mimi siwezi kumwita baba yangu mtoto.

Mimi mzima, ila goti la kushoto linavimba hali ya hewa ikibadilika. Kazi imegeuka. Zamani watu walileta kitambaa, nikawapima, nikakata, nikashona. Siku hizi mitumba imejaa sokoni, wanaleta suruali ya Mzungu mnene na kuniambia, "Mama, nipunguzie." Basi mchana kutwa napunguza Wazungu. Mama Bharti anasema vitambaa vyake vinaliwa na panya, hakuna anayenunua. Tunacheka tu, tutafanyaje.

Umeandika mistari minane juu ya baba, mama, ngedere na mtoto asiye na jina. Halafu ukaandika "Mimi nipo." Hata kuku yupo, Ponsiano. Tangu utoke hospitali hii ndiyo barua yako ya kwanza kwangu, na unaniuliza habari za gari.

Nalikumbuka. Nani atalisahau? Nguo zangu nilizoanika zilijaa vumbi lake kila Jumapili. Baada ya kupata barua yako nilikwenda mpaka shambani kuuliza. Shamba limeuzwa, baba. Serikali imewapa watu binafsi, na getini yupo mlinzi mpya asiyenijua. Nikamwambia marehemu mume wangu alifanya kazi hapa miaka kumi na tisa. Akasema, "Mama, hata mkonge wenyewe haupo tena." Banda alinionyesha kwa mbali, halina kitu. Vitu vya zamani vyote vilinadiwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya geti akasema amesikia gari lilivutwa na trekta, likapelekwa Dindira kwa fundi wa kiwanda cha chai.

Nitauliza zaidi. Ila niambie kwanza, unalitakia nini? Kaka yangu, yaani baba yako, naye ameniandikia. Aliyoandika ni yangu na yake.

Mpe mama pole ya kifua.

Binti yako na shangazi yako,
Agripina

Chanika, Handeni
19 Machi 1990

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kupata mwandiko wako. Nimeusoma mara mbili, na mama nimemsomea ile ya kupunguza Wazungu, amecheka mpaka akakohoa, nikajuta.

Mvua zimeanza. Baba ananitengenezea kiti cha mbao cha kukalia kibarazani, kina mgongo mrefu na mahali pa kuegemeza magongo. Ni kiti kizuri. Jioni anakuja Isaka, fundi viatu wa sokoni. Baba amemwomba anifundishe kazi yake. Isaka ni mtu mpole, analeta sindano na kipande cha ngozi. Nashona anavyonielekeza, naye anasema mkono wangu si mbaya.

Umeniuliza gari nalitakia nini. Nataka kuliona tu.

Lakini kama utalipata kabla yangu, naomba uniangalizie kitu kimoja. Usihangaike na rangi wala taa. Fungua mlango wa dereva, na kumbuka ule ni wa kushoto maana gari ni la Kimarekani, uiname uangalie chini sakafuni. Uniambie kuna pedeli ngapi.

Nakumbuka siku moja Mgiriki alisimama dirishani kwenu kuongea na baba Ernesti. Mimi nilikuwa nimening'inia kwenye ukingo wa dirisha. Kama sikosei, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa juu ya kiti kama mtu anayekunywa chai kwenye mkeka. Wakaagana, gari likaondoka, na mguu bado umekunjwa. Nimewaambia madereva wenzangu hapa stendi. Wananiambia nilikuwa mtoto, nimeota, hakuna gari la namna hiyo. Huenda kweli niliota. Nilikuwa na miaka saba.

Tafadhali.

Ponsiano

Manundu, Korogwe
22 Aprili 1990

Baba yangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Basi la Sadala lilikwama Sindeni wiki nzima, na barua yako ilinifikia imelowa kona zote. Hapa Pasaka imepita salama. Kanisani tulivujiwa.

Nimekwenda Dindira. Ndiyo, mimi, na goti hili. Nilipanda lori linalochukua majani ya chai, nikakaa mbele na dereva, na kila kona aliyokata nilimkumbuka Mungu kwa jina tofauti. Huko juu baridi, ukungu mpaka miguuni. Niliwaamkia watu "onga mshi", wakafurahi kuwa mtu wa bondeni anakijua Kishambaa, wakanipa ndizi za kuchemsha na kunionyesha nyumba ya fundi.

Fundi alikuwa ameshahamia Lushoto, lakini kweli nyuma ya nyumba kulikuwa na gari, limefunikwa majani ya migomba. Moyo ulinidunda kwa niaba yako. Mzee anayeishi pale akafunua. Ilikuwa Pijo nyeupe isiyo na magurudumu, na ndani sungura kama ishirini wananitazama.

"Mzee," nikamwambia, "natafuta gari la Mgiriki, jekundu, lenye farasi."

"La farasi lilipita hapa kwa chini," akasema, "halikuweza mlima. Lilirudishwa. Nasikia alilichukua Mhindi wa Mkumbara, mwenye mashine ya kusaga."

Kwa hiyo nimerudi na ndizi na habari. Mkumbara nitakwenda mvua zikipungua.

Sijakusahau na lile swali lako la pedeli, ingawa silielewi. Mimi pedeli ninayoijua ni ya cherehani.

Kiti cha baba yako nimefurahi kukisikia. Kaka yangu tangu utoto, akiwa na huzuni, anachonga kitu.

Agripina

Manundu, Korogwe
13 Mei 1990

Baba Ponsiano,

Barua yangu ya Aprili hujaijibu, naamini ni njia. Sikungoja. NIMELIONA!

Lipo Mkumbara, umbali wa kutupa jiwe kutoka barabara ya Moshi, ndani ya banda la mashine ya mzee Abdulhussein. Alikwenda kwenye mnada wa shamba kununua mashine ya kusagia, wakamwambia mashine na gari vinauzwa pamoja, chukua au acha. Akachukua. Mashine ilikufa mwaka ule ule. Gari, anasema, kila Ijumaa baada ya swala analiwasha, anasikiliza kidogo, anazima. Hajawahi kwenda nalo popote.

Siyo Tetemeko lile la zamani, nisikudanganye. Rangi imefifia kwenye boneti, na vumbi la pumba limelala kila mahali. Lakini farasi yupo, bado anakimbia. Na viti vyake, baba! Ngozi nyeusi, imeshonwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, mshono juu ya mshono, na uzi haujaachia hata mahali pamoja. Nilipitisha kidole. Nikasema aliyeshona hapa na azikwe kwa heshima.

Nilikumbuka agizo lako. Nikafungua mlango wa kushoto, nikapiga magoti kwa shida, nikahesabu. Pedeli ni tatu. Moja kulia, moja katikati, moja kushoto. Nikahesabu tena kwa kuzigusa kwa mkono. Tatu.

Natumaini ndilo jibu ulilolitaka. Mzee Abdulhussein ni mtu mzuri, amesema ukitaka kuja kuliona njoo, mlango wake hauna komeo kwa wageni. Njoo basi. Utalala kwangu.

Agripina

Chanika, Handeni
24 Juni 1990

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako mbili nimezipata. Ahsante kwa safari zote ulizosafiri kwa ajili yangu, na pole kwa goti.

Basi imetosha. Usijisumbue tena na lile gari. Ilikuwa ni mawazo ya kukaa bure.

Mama na baba hawajambo. Mtoto wa dada ameitwa Naitoi, jina la rafiki yake Mmasai aliyemsaidia siku ya kujifungua, na hivyo kila upande umekosa na ugomvi umekwisha. Kazi ya viatu inaendelea. Kuanzia Julai nitakuwa nakaa sokoni na Isaka.

Ponsiano

Manundu, Korogwe
8 Julai 1990

Baba yangu,

Safari hii sikusalimu mwanzoni, nitasalimu mwishoni.

Barua yako ilinikasirisha. Nimekwenda milimani kutazamwa na sungura, nimepiga magoti kwenye pumba, halafu unaniambia "imetosha" kama mtu anayefukuza mbuzi. Nikaitupa mezani, nikakaa kwenye kazi. Goti la kushoto lilikuwa limevimba siku hiyo, kwa hiyo mguu wa kushoto nikauweka kwenye kigoda, pedeli ya cherehani nikaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Cherehani ikaenda. Nimeshona pindo zima la suruali, nikaangalia chini, nikauona mguu wangu mmoja unafanya kazi na mwingine umepumzika.

Ponsiano, ndipo nilipokuelewa. Niliacha suruali ya watu katikati, nikabaki nimekaa. Miezi mitano unaniuliza, na mimi nakujibu kama mtu anayeulizwa bei ya vitunguu.

Kesho yake nikapanda basi la Moshi, nikashuka Mkumbara. Mzee Abdulhussein alikuwa anapima unga. Nikamwambia, "Mzee, nisaidie. Zile pedeli tatu, mtu asiye na mguu wa kushoto anaweza kuendesha?"

Akaweka kibaba chini. Akaniangalia. "Kumbe swali ndilo hilo," akasema. "Juzi ulizihesabu tu. Hukuniuliza za kazi gani."

"Za kazi gani?"

Tukaenda. Akainama na fimbo yake, akagusa moja moja. "Hii ya kulia ya mafuta. Hii pana hapa katikati, breki. Hii ndogo kushoto, pembeni kabisa, ni handibreki."

"Handibreki inakanyagwa kwa mguu?"

"Wamarekani hao, mama. Uwaulize wenyewe. Unaikanyaga ukishasimama, hata kwa fimbo, na kuiachia unavuta huku kwa mkono."

"Na ile klachi ya mguu wa kushoto wanayoisema madereva?"

"Haina. Gia inabadilika yenyewe. Mgiriki alikuwa anaukunja mguu kama yuko kitandani kwake."

Baba, hukuota. Ulikuwa na miaka saba na uliona sawasawa. Haina klachi.

Sasa nikwambie na lile la kaka yangu, maana nimelibeba tangu Februari na linanichoma. Aliniandikia hivi: "Agripina, ananiuliza magari tena. Usimtie tamaa. Mwanangu nimeletewa mara moja kwenye machela, sina nguvu ya kumpokea mara ya pili." Nami ni dada mdogo, nikashindwa kumkatalia, na nikashindwa kukukatalia wewe. Nikawa natafuta gari huku naomba nisilipate haraka. Sikuhesabu vibaya kwa makusudi, Mungu shahidi. Lakini sikuuliza zaidi, na huenda ningeuliza.

Mzee anasema kuna mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani, ameshalinunua, atalichukua katikati ya Agosti. Mimi sikuelezi tena kitu juu ya gari hili. Macho yangu ni ya nguo. Njoo na yako.

Salamu kwa wote. Na baba yako mwambie nimekuandikia haya yote, sitaki kujificha.

Agripina

Chanika, Handeni
5 Agosti 1990

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na kabla hujafika mbali naomba radhi. Nimepita Korogwe Alhamisi, kwenda na kurudi, na sikuja kwako. Basi liliposimama stendi niliiona njia ya Manundu, nikageuza uso. Sikutaka unione kabla sijajua ninakuja kama nani.

Nyumbani nilimwambia mama naenda Mkumbara. Baba alikuwa uani anachonga mpini. Nilimpa barua yako aisome. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanirudishia, akaendelea na mpini. Nilipofika barabarani na magongo yangu nikasikia hatua nyuma. Alinibebea begi mpaka kwenye basi, akaniweka kiti cha mbele, akashuka.

Mzee Abdulhussein aliponiona tu akasema, "Wewe ndiye wa pedeli." Hakuangalia suruali iliyofungwa pini. Aliangalia uso. Akaagiza chai, nikaiacha ipoe, sikuweza kunywa.

Nililizunguka gari kwanza. Ni fupi kuliko nilivyolikumbuka, au mimi nimekua. Nikagusa boneti. Halafu nikaegemeza magongo ukutani, nikashika mlango, nikajirusha ndani. Shangazi, nilikuwa sijakaa mbele ya usukani tangu siku ile ya ajali ya Mkata. Nilidhani nitaogopa usukani. Nilichoogopa ni kuangalia chini. Nikaangalia. Mafuta, breki pana, na kale kadogo ka pembeni.

Mzee akaingia upande wa pili. "Washa," akasema. "Kanyaga breki, vuta hii mpaka kwenye D, uachie breki polepole. Mafuta usiguse."

Nikawasha. Pumba zilipukutika kutoka darini, kuku wakatoka nje wote. Nilisikia mngurumo mgongoni, kwenye mbavu, kwenye meno. Nikavuta mpaka D. Na hapo, shangazi, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mguu wangu wa kushoto haupo. Ulikatwa juu ya goti na ukabaki hospitali. Lakini nilipotaka kuondoka ulinyanyuka, nilihisi unanyanyuka, ukatafuta klachi. Ukakanyaga hewa. Nikasema, "Mzee, siwezi."

Akasema, "Hujaulizwa kama unaweza. Achia breki."

Nikaachia. Likatembea. Lenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayetoka zizini bila kuswagwa. Tulitoka bandani, tukashika njia ya mkonge, tukafika reli, nikageuza, tukarudi. Tulipofika barabara iliyonyooka mzee akasema, "Sasa mafuta," nikagusa kidogo, na gari likaruka mpaka kofia yake ikaanguka nyuma. Akacheka kama mtoto. Anasema miaka yote aliyokaa nalo hakujua lina mbio kiasi kile, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kuendesha!

Nilipozima nilikaa ndani muda mrefu. Hakunifukuza. Alikwenda kuwapimia watu unga, akarudi, akasema, "Hili si langu tena, wala si lako. Lakini mtoto wa ndugu yangu, Abbas, yuko Tanga, analeta magari ya Kijapani kutoka Dubai. Mengi yana pedeli mbili. Watu hawayataki, wanasema ni magari ya wagonjwa. Nitamwandikia."

Nimerudi nyumbani jioni. Baba aliniuliza kama nimekula.

Usinikasirikie sana.

Ponsiano

Manundu, Korogwe
19 Agosti 1990

Baba Ponsiano,

Nimekasirika sana. Kwenda na kurudi! Nilikuwa na wali na maharage ya nazi Alhamisi ile, na nilikula peke yangu na redio. Ukipita tena stendi yangu namna hiyo nitatoka na mkasi.

Nimemaliza kukasirika. Barua yako nimemsomea mama Bharti, isipokuwa lile jambo ambalo hujamwambia mtu. Hilo nimelisoma peke yangu.

Tetemeko limepita hapa jana, juu ya lori, likielekea Tanga, kisha mpaka wa Kenya. Limefungwa minyororo na turubai halikufika mbele, farasi alikuwa wazi. Nilitoka na pini zangu mdomoni, nikasimama mpaka likaishia. Watoto wa mtaani waliuliza ni gari gani. Nikawaambia ni gari ambalo mwanangu amewahi kuliendesha.

Kaka yangu hajaniandikia. Simlaumu. Wewe nenda Tanga.

Agripina

Segera
6 Januari 1991

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mapochopocho ya Krismasi uliyotuma kwa Sadala yalifika, mikate miwili mizima na wa tatu umeumwa kona. Anasema ni panya wa kwenye basi.

Naandika nikiwa njia panda, ndani ya gari, nikingoja abiria wa Arusha. Kama nilivyokueleza Novemba, Abbas amenipa Korola ya bluu niifanyie kazi hapa kwa miezi sita tuone. Ina pedeli mbili na handibreki ya mkono, kama unavyotaka wewe. Mtihani wa leseni ulikuwa mrefu. Ofisa alinizungusha mji, akaniteremsha mlimani, akanirudisha nyuma kati ya mapipa, kisha akakaa kando yangu akaniambia nimzungushe tena. Aliposaini akaniuliza gari la namna hiyo linapatikana wapi, ana ndugu yake aliyeumia vitani Uganda. Mwanzoni hapa Segera watu walikuwa wakiona magongo kiti cha mbele wanashuka. Sasa kina mama wa machungwa wananigombania, kwa sababu sipigi gia zikawarusha.

Ila ninachotaka kukueleza ni cha Ijumaa.

Baba alitoka Tanga kumwona daktari wa macho. Basi lake likaharibika hapa hapa Segera, abiria wote wakashushwa. Nilimwona kabla hajaniona. Alisimama na mfuko wake wa karatasi anaangalia magari yote isipokuwa langu, na mimi nikajua kwamba ameshaniona. Tangu nianze kazi hii hajawahi kulipanda. Mama amepanda, dada amepanda, hata Isaka fundi viatu amepanda.

Nikashusha kioo. "Shikamoo baba. Naenda Handeni."

"Una abiria?"

"Sina."

Akafungua mlango wa nyuma. Hakukaa mbele, alikaa nyuma kama mteja, mfuko mapajani, mkono umeshika kile kishikio cha juu ya dirisha. "Polepole," akasema.

"Ndiyo baba."

Tukaenda hivyo mpaka Mkata. Pale tukaacha lami tukashika njia ya Handeni, na wewe unajua kilichoko mbele kwenye njia ile, baada ya daraja, mahali lori langu lilipolala. Mimi mwenyewe nikipita pale huwa nashika usukani kwa mikono miwili. Nikafikiri, baba atasema kitu sasa. Ataniambia nisimame. Au atashuka atembee. Nilijiandaa na jibu, nikalipanga kichwani, maneno ya heshima.

Tukavuka daraja. Nikainua macho nikaangalia kioo cha ndani.

Amelala, shangazi. Kichwa kimeegemea dirishani, mdomo uko wazi, na ule mkono uliokuwa umeshika kishikio umeanguka mapajani juu ya mfuko.

Nikapandisha vioo vumbi lisimwingie. Mbele kulikuwa na mashimo, nikayapita moja moja, taratibu, mpaka nyumbani.

Ni mimi,
Ponsiano